Orodha isiyo na Kenya wala Uganda: mchezo wa risasi ulivyowaacha nje wachezaji wa mpakani

BUSIA

Mfanyabiashara anayevuka kutoka Busia ya Uganda kwenda Busia ya Kenya na magunia mawili ya maharagwe anajua atakachoulizwa. Kitambulisho cha taifa, na Cheti Rahisi cha Asili ya Bidhaa ikiwa mzigo wake haujazidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Tangu Kituo cha Pamoja cha Mpakani kizinduliwe rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni Februari 24, 2018, maofisa wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja, na safari iliyokuwa ya madirisha mengi imefupika.

Kijana wake aliyebaki nyumbani na mashine ya PlayStation ana mpaka mwingine. Huo hauna ofisa wa kubembelezwa wala dirisha la kupeleka malalamiko. Unamuuliza swali moja tu: unaishi nchi gani? Kwenye orodha ya majibu yanayokubalika, Kenya haimo. Uganda haimo. Tanzania nayo haimo.

Orodha hiyo ni ya PlayStation Network, mtandao wa kampuni ya Sony. Mwenye mashine huhitaji akaunti ya mtandao huo ili kununua michezo na kucheza na watu walio mbali. Kwa miaka mingi, kusini mwa Jangwa la Sahara orodha imekuwa ikitaja nchi moja, Afrika Kusini. Ukivuka bahari, Oman imo, Falme za Kiarabu zimo, Saudi Arabia imo. Ndiyo maana mashine iliyonunuliwa Dubai hufika Busia ikiwa na uraia unaotambulika kuliko ule wa kijana atakayeichezea.

Wachezaji wengi walilijua jambo hilo na kulinyamazia, maana kila mmoja alikuwa amejitafutia njia yake ya panya. Lilitoka hadharani Mei 2024, na lililolitoa ni mchezo wa kufyatua risasi uitwao Helldivers 2.

Vita vimoja kwa dunia nzima

Helldivers 2 ulitengenezwa na Arrowhead Game Studios ya Stockholm, Sweden, na Sony ikautoa Februari 8, 2024 kwa PlayStation 5 na kwa kompyuta. Wachezaji wanne hushushwa kwenye sayari, hupambana na wadudu wakubwa kama matrekta au na majeshi ya mashine, hutimiza walichotumwa, kisha hukimbilia chombo cha kuwaondoa. Risasi ya mwenzako inakuua sawasawa na ya adui, kwa hiyo vicheko na lawama haviishi. Hadithi yenyewe ni kejeli. Askari wanaimbiwa uhuru na demokrasia mchana kutwa, huku wakitupwa vitani kama njugu.

Kilichowavuta watu ni kwamba vita ni vimoja kwa wachezaji wote duniani. Kila ushindi unaingia kwenye hesabu moja, na sayari ikikombolewa imekombolewa kwa wote. Mashabiki walipoteza askari wengi mno kwenye sayari moja ya misitu, Malevelon Creek, hata jina lake likawa kama la uwanja wa vita vya kweli. Ilipokombolewa, watengenezaji walitangaza Aprili 3 kuwa siku ya kuikumbuka. Katikati ya mwaka huohuo wachezaji walipewa kuchagua: wajipatie mabomu mapya ya kutega, au wawaokoe watoto wagonjwa waliozingirwa hospitalini. Wakachagua watoto. Arrowhead nayo ikatoa dola 4,311, fedha halisi, kwa shirika la Save the Children.

Katika wiki 12 za kwanza ziliuzwa nakala milioni 12. Sony ilisema haijawahi kutoa mchezo wa PlayStation uliouzika kwa kasi hiyo.

Wikendi ya Mei

Ijumaa, Mei 3, 2024, Sony ilitangaza kwamba wanaocheza kwa kompyuta, yaani walionunua mchezo kupitia duka la mtandaoni la Steam, watalazimika kuunganisha mchezo huo na akaunti ya PlayStation Network. Wanunuzi wapya wangeanza Mei 6, na wa zamani walipewa hadi Juni 4. Kwa mchezaji wa London hiyo ilikuwa kero ya dakika tatu. Kwa mchezaji wa Busia ilikuwa sawa na kuambiwa alete cheti ambacho ofisi ya kwao haikitoi. Alikuwa ameshalipa dola zake 40, na duka lilizipokea bila kumuuliza anatoka wapi.

Mwishoni mwa wiki hiyo mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177, yale yote ambayo PlayStation Network haiyahudumii. Afrika Mashariki yote ilikuwa humo.

Wasomaji wanaouza nafaka wameshawahi kuyaona haya kwa macho yao. Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yaliyokuwa njiani yakakuta sheria imebadilika kabla hayajafika langoni. Siku tano baadaye marufuku iliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti cha ubora. Mwenye lori na karani wake alipita. Mwanamke wa magunia matatu alibaki akitafuta wa kumweleza cheti hicho kinapatikana ofisi gani.

Mashabiki wa Helldivers hawakusubiri. Waliingia Steam na kumwaga maoni mabaya, zaidi ya 200,000 katika siku chache, mpaka mchezo uliokuwa ukisifiwa na kila mtu ukaonekana kama bidhaa mbovu. Ndani ya kundi hilo walikuwamo watu wa nchi zilizomo kwenye orodha, ambao wenyewe hawakupoteza chochote. Walisema kwamba vita ni vimoja, na askari mwenzao hawezi kufukuzwa kwa sababu ya alikozaliwa. Johan Pilestedt, aliyekuwa mkuu wa Arrowhead wakati huo, alieleza kuwa kampuni yake ililijua sharti hilo miezi kadhaa kabla mchezo haujatoka, na kwamba yeye ndiye aliyeamua liwekwe kando siku za mwanzo, seva zilipozidiwa.

Asubuhi ya Jumatatu, Mei 6, kwa saa za Afrika Mashariki, Sony ilirudi nyuma. Sharti likafutwa.

Habari nyingi za dunia ziliishia hapo, kwamba mashabiki wameshinda. Kwa upande wetu hazikuishia hapo. Sony ilifuta sharti la akaunti, lakini haikufungua tena mauzo. Mwaka 2024 ulikwisha mchezo ukiwa bado haununuliki Steam katika nchi zile. Aliyekuwa amenunua Aprili aliendelea kucheza. Ndugu yake aliyengoja mshahara wa Mei alikuta duka limefungwa. Ushindi ule ulikuwa wa kweli, ila uliwafikia kwanza wale ambao mlango wao haukuwa umefungwa tangu mwanzo. Januari 2025 Sony ilisema baadhi ya michezo yake ya kompyuta haitadai tena akaunti hiyo, jambo lililoonyesha kwamba kelele za Mei hazikusahaulika Tokyo.

Nani anaucheza hapa

Tusidanganyane: ukiingia kwenye kibanda cha gemu, iwe Marachi upande wa Kenya, Sofia upande wa Uganda, au ndani ya mji wa Tororo chini ya lile jabali, utakachokikuta ni mpira. Mchezo wa soka uliokuwa ukiitwa FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, ndio unaolipa kodi ya chumba. Vijana wawili, pedi mbili, mechi moja kwa shilingi chache, anayefungwa anampisha anayengoja. Mwenye kibanda hahitaji intaneti. Anahitaji umeme, runinga, na mlango unaofungika usiku.

Michezo ya risasi inayoingia vibandani ni ile inayoigawa runinga moja sehemu mbili, kama matoleo ya zamani ya Call of Duty kwenye PlayStation 3. Helldivers 2 haugawi runinga. Kila mchezaji awe na mashine yake, runinga yake na intaneti yake, na kwenye PlayStation alipie pia usajili wa PlayStation Plus ili aweze kucheza na wenzake. Bila intaneti hauanzi kabisa. Umeme ukikatika Busia, askari wa Busia anatoweka vitani na wenzake watatu wanabaki wakijiuliza amekwenda wapi.

Kwa hiyo mashabiki wake mpakani ni wachache. Ni vijana waliomaliza chuo, mafundi wa kompyuta, makarani wa kampuni za forodha, watoto wa wenye maduka ya jumla. Uchache wao lakini usimdanganye mfanyabiashara. Hao ndio wanunuzi wa mashine za bei kubwa, pedi, vipokea sauti na kadi za malipo. Na tatizo la akaunti si lao peke yao, linamgusa pia kijana wa mpira akitaka kununua chochote katika duka la PlayStation.

Kundi kubwa la wapenda michezo ya risasi limehamia kwenye simu. Call of Duty: Mobile, uliotoka Oktoba 2019, hauuzwi. Unapakuliwa bure, na kinacholipiwa ni mapambo na silaha za ndani. Hauulizi PlayStation Network wala Steam. Mawimbi ya simu nayo hayasomi alama za barabarani, na yeyote aliyekaa Sofia anajua simu inavyoweza kushika mtandao wa ng'ambo bila kuombwa. Serikali ziliuona ukweli huo zamani: mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa mtandao mmoja ili simu za kuvuka mpaka zisitozwe kama za ng'ambo. Kwa michezo ya mashine, hakuna aliyekaa mezani kujadili mpango kama huo.

Anwani ya kuazima

Njia ya panya iko hivi. Anayefungua akaunti huchagua nchi iliyomo kwenye orodha, kwa kawaida Marekani, Uingereza, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu, na kuandika anwani ya huko. Mashine inafunguka, mchezo unacheza. Lakini masharti ya Sony yanataka taarifa za kweli, kwa hiyo akaunti hiyo imekaa juu ya jiwe linaloteleza. Na nchi ikishachaguliwa haibadilishwi tena. Aliyejiandikisha kama mkazi wa Texas atabaki wa Texas mpaka afungue akaunti mpya na kuacha nyuma yote aliyonunua.

Hapo ndipo biashara inapoingia, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Kadi ya benki ya Kenya au Uganda mara nyingi hukataliwa na duka la akaunti ya kigeni. Hata kadi ya M-Pesa GlobalPay, ambayo Safaricom na Visa waliizindua Juni 2022 na ambayo imewarahisishia wengi kununua vitu nje, haimgeuzi mwenyewe kuwa mkazi wa Marekani. Kinachobaki ni kadi za malipo za PlayStation, ambazo kwa hakika ni namba ndefu tu iliyoandikwa kwenye karatasi au kutumwa kwa simu.

Kadi hizo zina nchi. Ya Marekani inaingia kwenye akaunti ya Marekani tu, na ya Uingereza kwenye ya Uingereza. Muuzaji asiyelijua hili atauza kadi nzuri kwa mtu asiyeweza kuitumia, kisha wagombane wakati hakuna tapeli kati yao. Halafu kuna matapeli halisi, wanaouza namba iliyokwisha kutumika. Namba haina rangi wala uzito. Mtu aliyezoea kuchambua maharagwe kwa mkono hana cha kushika.

Tofauti hiyo ya nchi inafika hadi kwenye diski. Diski ya mchezo wa PlayStation 4 au 5 iliyonunuliwa Dubai itacheza Busia bila shida. Lakini nyongeza zinazonunuliwa mtandaoni baadaye zinatakiwa zioane na nchi ya diski ile. Mteja atarudi akisema diski ni mbovu, na diski haina kosa lolote.

Mashine yenyewe langoni

Wapo wanaodhani kuwa kwa kuwa mashine imenunuliwa Nairobi, basi ni bidhaa ya Jumuiya na itapita kwa cheti rahisi kama ndizi. Sivyo. Cheti Rahisi cha Asili ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. PlayStation imetengenezwa Asia, na risiti ya duka la Nairobi haiwezi kubadili ilikozaliwa. Mashine kumi ndani ya mfuko wa nguo ni bidhaa za nje, na zinatakiwa kutamkwa hivyo. Ushuru wa Pamoja wa Forodha, ambao tangu Julai 2022 una viwango vinne vya asilimia 0, 10, 25 na 35, ndio unaozihusu, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Uganda. Wakala wa forodha aulizwe kabla ya safari, si baada ya mfuko kufunguliwa mezani.

Kwa anayenunua mashine za mitumba, hasara kubwa hazitokani na mikwaruzo. PlayStation 5 inauzwa kwa aina mbili, na moja haina tundu la diski. Ukimpelekea mwenye kibanda hiyo isiyo na tundu, umempelekea sanduku, kwa sababu kibanda kinaishi kwa diski za kuazimana. Kuna pia mashine ambazo Sony imezifungia kwenye mtandao wake kwa makosa ya mmiliki wa kwanza. Zinawaka, zinacheza diski, zinapendeza dukani, lakini haziunganiki. Mnunuzi wa Helldivers atagundua usiku uleule. Kwa hiyo mashine iwashwe na iunganishwe na intaneti mbele ya muuzaji, na akaunti ya mwenye mali wa zamani iondolewe kabla fedha hazijahesabiwa.

Jambo la umri nalo lisiachwe kwa mwenye kibanda peke yake. Helldivers 2 umewekewa alama ya miaka 18 na PEGI, chombo cha Ulaya cha kupanga michezo kwa umri, kwa sababu ya miili inayokatika vipande na damu inayoruka. Alama hiyo imechapwa kwenye jalada la diski, upande wa mbele, chini. Mzazi anayeshinda langoni tangu alfajiri hana nafasi ya kukagua mwanawe anacheza nini saa kumi jioni. Kusoma namba moja kwenye jalada, hata hivyo, ni kazi ndogo kuliko kusoma fomu ya forodha. Vibanda vingine vimejiwekea taratibu nzuri: watoto wa sare hawaingii kabla ya masomo kwisha, na michezo ya risasi haichezwi wadogo wakiwapo. Vingine vinaangalia sarafu tu.

Kuhusu mlango wenyewe, dalili ni mchanganyiko. Januari 2024, miezi minne kabla ya ghasia za Helldivers, mfuko wa uwekezaji wa Sony kwa ajili ya Afrika uliweka fedha katika Carry1st, kampuni ya Afrika Kusini inayochapisha michezo ya simu na kuuza malipo ya michezo kwa njia zinazotumika hapa, fedha za simu zikiwamo. Ilisemwa wakati huo kuwa wataangalia pamoja nafasi za PlayStation barani. Kampuni inayotafuta wateja Afrika kwa mkono mmoja na kuwafungia duka kwa mwingine inaweza kuwa kampuni kubwa tu, ambayo idara zake hazizungumzi. Biashara za mpakani zina jina kali zaidi kwa tabia hiyo.

Agosti 26, 2025 Helldivers 2 uliingia pia kwenye Xbox, mashine ya Microsoft, mshindani wa Sony. Wenye PlayStation, wenye kompyuta na wenye Xbox sasa wanashuka sayari moja katika kikosi kimoja, jambo ambalo miaka kumi iliyopita lingeonekana ndoto. Mashabiki waliwapokea wageni kwa saluti.

Kwa muuza kadi wa Busia, hakuna kilichobadilika wiki ile. Mteja akija, swali la kwanza bado ni lile la kabla ya Mei 2024: akaunti yako ni ya nchi gani?